Askari wa Kuchezea Katika Nyumba ya Muislamu: Wapangwe Kabatini, Wafichwe au Wavunjwe?

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyeshika njia yao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu wasomaji, tumeletewa swali na kijana wetu mmoja anayeishi Uingereza. Baba yake ni mtu wa Mombasa na mama yake ni Muingereza. Babu yake mzaa mama, ambaye hakuwa Muislamu, alimpa kabla ya kufariki kwake masanduku manne ya askari wadogo wa kuchezea waliotengenezwa kwa madini ya risasi na kupakwa rangi. Mzee huyo alianza kuwakusanya tangu utotoni mwake, na baadhi yao wamekaribia umri wa miaka mia moja.

Kijana alipanga kununua kabati la kioo lenye taa, aliweke sebuleni na kuwapanga askari hao safu kwa safu. Mkewe amesema haswali katika chumba chenye kabati hilo. Ami yake amemwambia awayeyushe wote kabla jua halijatua. Bibi yake, mjane wa yule mzee, huja kumtembelea kila mwezi, na kila akiingia mlangoni huuliza askari wa mumewe wamewekwa wapi. Hana tena nafasi nyumbani kwake, na hao ndio kumbukumbu yake. Ndani ya nyumba kuna watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine bado hutia kila kitu kinywani. Kijana anauliza: nifanye nini nisimuasi Mola wangu wala nisimvunje moyo bibi yangu?

Tungeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini swali hili limebeba masuala ya sanamu, ya mali, ya ujamaa na ya afya ya mtoto, na maimamu wetu walioko Ulaya na hapa kwetu wataulizwa mfano wake. Kwa hiyo tumeona bora tulipanue kidogo, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Askari hawa ni kitu gani?

Wanachuoni wetu hutufunza kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi tuanze hapo.

Watu wengi wakitaja historia ya askari wadogo huanzia Misri ya kale. Katika kaburi la mtawala mmoja aliyeitwa Mesehti, huko Asyut, palipatikana vikosi viwili vya askari wa mbao: Wamisri 40 wenye mikuki na Wanubi 40 wenye pinde. Vimedumu takriban miaka 4,000 na vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Cairo. Lakini hivyo havikuwa vya kuchezea. Viliwekwa kaburini kwa itikadi ya kuwa vitamtumikia maiti. Mwenye kufuatilia fikihi na aizingatie tofauti hii, kwani umbo laweza kuwa moja na makusudio yakawa mbalimbali, na hukumu hufuata makusudio.

Askari wa kuchezea kama tunavyowajua leo walienea kutoka Ujerumani. Katika karne ya 18, mafundi wa mji wa Nuremberg, akiwamo Johann Gottfried Hilpert, walitengeneza askari bapa wa bati. Nchini Ufaransa wakatengenezwa wa risasi walio mviringo na wazito. Mwaka 1893, nyumba ya William Britain ya London ikaanza kuuza askari waliokuwa watupu ndani: fundi humimina risasi iliyoyeyuka katika kalibu, ikaganda pembeni, kisha ile ya katikati akaimwaga. Askari akawa mwepesi na bei ikashuka. Urefu wa askari huyo wa miguu ni milimita 54 hivi, yaani kama kidole. Utengenezaji wa askari wa risasi katika nyumba hiyo ulikoma mwaka 1966, na plastiki ikashika nafasi yake.

Tusidhani kuwa vitu hivi havihusiani nasi. Miongoni mwa seti za Britains walikuwamo Waarabu juu ya farasi na ngamia, na askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 ambalo babu zetu wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitumikia. Mtoto wa Kiingereza alikuwa akiwapanga babu zetu juu ya zulia! Na Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1930 kuwa utotoni alikuwa na askari wapatao 1,500, na kwamba baba yake aliwakagua, kisha akamuuliza kama angependa kuingia jeshini. Huyo ndiye aliyeshiriki shambulio la wapanda farasi katika vita vya Omdurman huko Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, siku ambayo maelfu ya Waislamu waliuawa kwa bunduki za kisasa na mizinga. Basi mchezo una athari katika nafsi, na chombo cha mchezo kina historia yake.

Yaliyopokewa katika mlango huu

Ami wa kijana hakusema kwa matamanio yake, na haifai kumdharau. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Talha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala sura. Amepokea Muslim kuwa Sayyidna Ali (R.A.) alimtuma Abul Hayyaj kwa agizo alilowahi kupewa yeye na Mtume (S.A.W.), la kutoacha sanamu bila ya kuifuta. Na katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Jibril (A.S.) alijizuia kuingia nyumbani kwa sababu ya sanamu iliyokuwa mlangoni, pazia lenye picha na mbwa. Akaelekeza kichwa cha sanamu kikatwe mpaka ibaki kama umbo la mti, pazia likatwe lifanywe mito miwili ya kukaliwa, na mbwa atolewe.

Sababu ya ukali huu inajulikana. Katika Surat Nuh aya ya 23 yametajwa majina ya masanamu ya kaumu ya Nuh (A.S.), na Ibn Abbas (R.A.) ameeleza, kama alivyopokea Bukhari, kuwa hayo yalikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, kaumu yao wakasimamisha alama katika vikao vyao. Hazikuabudiwa siku ile. Ziliabudiwa baada ya wale wa kwanza kufa na elimu kusahauliwa. Tuangalie vyema: mambo yalianza kwa kumbukumbu, tena sebuleni.

Upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Bi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wenzake wakija kucheza naye, Mtume (S.A.W.) akiwaachia. Wamepokea pia kutoka kwa Bi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) kuwa Masahaba walikuwa wakiwatengenezea watoto wao vya kuchezea vya sufi siku ya kufunga Ashura, wakiwapa ili wasahau njaa mpaka wakati wa kufuturu.

Neno moja na hukumu mbili

Hapa tunapenda kuwasimamisha wanafunzi wetu wa Kiarabu kwenye neno moja.

Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka safari ya Tabuk au ya Khaybar, na katika *sahwa* ya Bi Aisha (R.A.) palikuwa na pazia. Upepo ukavuma ukafunua upande wa pazia, wakaonekana wanasesere wake. Katikati yao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, naye akamjibu kwa kumkumbusha kuwa Nabii Sulaiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Na wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha huyo huyo kuwa Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka safarini, naye amefunika *sahwa* yake kwa pazia lenye picha. Mtume (S.A.W.) alipoliona alilichana na kubainisha ukali wa adhabu ya wenye kuiga uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Bi Aisha akalifanya mto au mito miwili.

Neno *sahwa* limekuja katika hadithi zote mbili. Ibn al-Athir (aliyefariki 606 H) ametaja maana zake katika kitabu chake cha maneno magumu ya hadithi, na miongoni mwazo ni chumba kidogo cha kuwekea vitu, rafu, na kidaka cha ukutani. Watu wa Lamu hawahitaji kufasiriwa hili, kwani nyumba zao za kale za mawe zina zidaka ukutani walimokuwa wakiweka sahani za thamani na vitabu.

Basi mahali pale penye jina moja palikuwa na picha iliyotundikwa nje ikaonekana na kila aingiaye, ikachanwa. Na palikuwa na wanasesere wenye maumbo nyuma ya pazia, wakachekewa. Wala haisemwi kuwa wanasesere walikuwa na udogo wa kupuuzwa na picha ya pazia haikuwa nao, kwani mwanasesere ana kivuli na picha ya kitambaa haina. Tofauti ni kuwa kile kimoja kilipambiwa nyumba, na hiki kingine kilikuwa chombo cha mtoto, kikimaliza kazi yake hurudi nyuma ya pazia.

Maneno ya wanachuoni

Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H) katika Sherehe ya Sahih Muslim ameeleza kuwa wanachuoni wameafikiana kuzuia sanamu yenye kivuli na kuwajibisha ibadilishwe, na amenukuu kutoka kwa Qadi Iyadh (aliyefariki 544 H) kuwa kinachotoka katika hukumu hiyo ni wanasesere wa kuchezea wasichana wadogo. Ibn Hajar (aliyefariki 852 H) katika Fat-hul Bari amenakili kuwa hiyo ndiyo kauli ya wengi, na kwamba walijuzisha kuuzwa kwa wanasesere hao ili watoto wapate mazoezi ya malezi na mambo ya nyumba. Pia ametaja kuwa wapo walioona ruhusa hiyo imefutwa, na Ibn Battal akaelemea huko. Na imepokewa kuwa Imam Malik alichukia kuwanunua.

Ama katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madarasa yetu ya pwani, an-Nawawi amehesabu miongoni mwa maovu sura ya kiumbe mwenye roho iliyo juu ya dari, ukutani, kwenye pazia au nguo inayovaliwa. Akajuzisha iliyo chini ardhini, kwenye busati na mto wa kukalia, iliyokatwa kichwa, na picha za miti. Kipimo chake kiko wazi: kinachoinuliwa kinatukuzwa, na kinachowekwa chini kimedhalilishwa.

Wamaliki wao wamekataza sanamu ya mwenye roho iliyo kamili viungo, yenye kivuli. Ikipungukiwa na kiungo ambacho bila hicho haiwezi kuishi, wameiondoa katika uharamu. Wahanafi, kama ilivyo katika al-Hidaya ya al-Marghinani (aliyefariki 593 H), wameona kuwa sura ndogo sana isiyombainikia mtazamaji haikaribishi karaha katika Swala, kwani haiabudiwi iliyo ndogo kiasi hicho. Lakini askari wa milimita 54 mwenye macho, sharubu na vifungo vya dhahabu, tena amemulikwa kwa taa ndani ya kioo, ni vigumu kumtia katika mlango huo. Wala kauli hiyo ya Wahanafi haikuja kuhusu kutengeneza. Imekuja kuhusu Swala.

Kutokana na haya tunasema: ruhusa iliyopokewa imefungamana na mchezo. Na hili ndilo jambo ambalo wakusanyaji wa vitu hivi hawalitambui. Mtu mzima anapomtoa askari katika mikono ya watoto, akamtia ndani ya kioo, akamuinua usawa wa macho, akamuwashia taa, kisha akamwambia mtoto asiguse, hapo hapo amekitoa kitu hicho katika mlango ulioruhusiwa na kukiingiza katika mlango wa vitu vinavyosimamishwa na kutukuzwa. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni namna ya kukiweka.

Namna za kuwaweka, moja baada ya nyingine

*Ya kwanza* ni kabati la kioo sebuleni, rafu ya wazi ukutani au juu ya meza ya mapambo. Hii ndiyo namna wanayoipenda wakusanyaji, nasi hatuioni kuwa inajuzu kwa askari walio kamili, kwa dalili zilizotangulia. Uzito wake huzidi kabati likiwa upande wa kibla. Anas (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alimtaka Bi Aisha aondoe pazia lake kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia mbele katika Swala. Kwa hivyo mke wa kijana wetu ana haki katika alilolisema.

*Ya pili* ni kuwapanga chini, juu ya mkeka au zulia, kwa ajili ya mchezo wa watoto, kisha wakarudishwa sandukuni. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Sunna tuliyoitaja, na haina tatizo kwa kauli ya wengi. Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells, aliyetunga kitabu cha kanuni za vita vya askari wadogo mwaka 1913, alitangulia mwaka 1911 kutunga kitabu kuhusu michezo ya sakafuni. Sakafu ndipo mahali pa asili pa vitu hivi. Mwenye watoto na awatengee pembe yao, awape sanduku lenye kifuniko, na awazoeze kukusanya kila kitu kabla ya adhana ya Magharibi.

*Ya tatu* ni kuonyesha visivyokuwa na roho. Seti hizi hazina askari peke yao. Zina mizinga, magari ya kukokotwa, mahema, ngome, madaraja, miti na ngoma. Vyote hivi vinajuzu kupangwa kabatini bila ya khilafu iliyo na nguvu, kwani Ibn Abbas (R.A.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alimuelekeza mchoraji aliyekuja kumuuliza achore miti na visivyokuwa na roho. Mtu anaweza kupanga ngome na mizinga, akaweka pembeni karatasi yenye jina la vita, mwaka na ramani. Wageni wake watapata elimu zaidi kuliko kutazama nyuso za rangi.

*Ya nne* ni waliokatika vichwa. Askari watupu wa risasi ni dhaifu shingoni, na katika makusanyo ya kale wasio na vichwa ni wengi. Desturi ya watoto na wakusanyaji ilikuwa kuchomeka kijiti cha kiberiti shingoni na kukirudisha kichwa. Tunamwambia kijana wetu: hao uliowakuta hawana vichwa, usiwarudishie. Waache walivyo, nao wanaingia katika aliyoyaelekeza Jibril (A.S.). Ukitaka kuonyesha sare za kikosi fulani, waonyeshe hao.

*Ya tano* ni kuwahifadhi walio kamili ndani ya droo au sanduku lililofungwa, lisilo la kioo, mahali pa chini, wakatolewa kwa haja kisha wakarudishwa. Hapa pana khilafu. Anayetazama ujumla wa amri ya kubadilisha sanamu atazuia, na dalili anayo. Nasi tunaona, Wallahu a'alam, kuwa palipo na haja ya kweli ipo nafasi, kwa kuwa vitu hivi asili yake vilitengenezwa kwa mchezo, havikutengenezwa kwa kutukuzwa, na vikiwa ndani ya droo havikusimamishwa wala havikupambiwa nyumba. Lakini tunashurutisha haja yenyewe iwepo. Kupenda kumiliki peke yake hatukuhesabu kuwa ni haja.

Risasi ni sumu, tena madini yenyewe huugua

Shirika la Afya Duniani limebainisha kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, hasa katika ubongo. Risasi imo katika mwili wa askari hawa na mara nyingi imo katika rangi yao pia. Mtoto anayetia vitu kinywani asiwasogelee kabisa. Mtoto mkubwa asichezee waliobanduka rangi, na kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kwa mchezo wa kila siku, wanunuliwe wa plastiki au watengenezwe wa vitambaa na sufi, kama walivyofanya Masahaba (R.A.). Sharia imekuja na kanuni ya kuondoa madhara, na ruhusa ya mchezo haiwi ruhusa ya kumlisha mtoto sumu.

Kwa sababu hiyo hiyo tunaikataa rai ya ami ya kuwayeyusha jikoni. Moshi na vumbi la risasi vinadhuru kuliko askari aliye sandukuni, na nyumba ina mtoto mchanga. Anayetaka kubadilisha umbo la sanamu ndogo, kukata kichwa kunatosha kwa mujibu wa hadithi.

Mwenye kuwahifadhi na ajue pia kuwa risasi huota unga mweupe unaoila mpaka ikabomoka. Chanzo chake ni mvuke wa asidi unaotoka katika baadhi ya mbao, mwaloni ukiwa mbaya zaidi, pamoja na kadibodi na unyevunyevu. Droo ya chuma iliyopakwa rangi na kukaushwa vyema ni salama zaidi kuliko kabati zuri la mwaloni. Karatasi ya kufungia iwe isiyo na asidi. Mahali pawe pakavu na mbali na jua, kwani jua hupausha rangi. Tena risasi ni nzito, basi kabati lolote lifungwe ukutani lisije likamuangukia mtoto.

Haki ya bibi

Limebaki lililo gumu kuliko yote. Kijana anaogopa kuwa kumtii Mola wake kutamvunja moyo mjane mzee.

Katika Surat Mumtahina aya ya 8, Mwenyezi Mungu (S.W.) hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Na Bi Asma bint Abu Bakr (R.A.) alipojiwa na mama yake, hali ya kuwa mama huyo ni mshirikina, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, naye akamuamrisha amuunge. Limo katika Bukhari na Muslim. Zaidi ya hayo, zawadi ya babu aliyoitoa katika uhai wake ni halali, wala haiingii katika suala la Muislamu kumrithi asiyekuwa Muislamu. Nayo ni mali, na Mtume (S.A.W.) amekataza kupoteza mali.

Bibi hakuomba sanamu zitukuzwe. Anataka kujua kuwa mumewe hajasahauliwa katika nyumba ya mjukuu wake. Hili linawezekana bila ya kabati lenye taa. Akija, mpokee, mkalishe, mtengenezee chai, kisha toa droo moja uiweke mezani mbele yake. Mwache awashike mmoja mmoja, akueleze huyu alinunuliwa wapi na yule alivunjika vipi. Mwanao wa miaka tisa na akae karibu asikilize. Muulize bibi habari ambazo hujapata kumuuliza. Akija askari wa King's African Rifles, mwambie mwanao kuwa na upande wa babu zake wa pili walikuwako wenye sare hiyo. Akija mpanda farasi wa Omdurman, mweleze waliouawa siku ile walikuwa nani. Kisha mnawe mikono, na droo ifungwe. Tuna yakini kuwa bibi ataiona heshima zaidi katika saa moja hiyo kuliko angeiona katika kioo unachokipita kila siku bila ya kukitazama.

Na umwambie kwa upole, kabla hajauliza, kuwa katika dini yako hamuweki sanamu za kupamba nyumba, na kuwa hukuzitupa. Watu wengi hukasirishwa na kufichwa jambo kuliko na jambo lenyewe.

Jawabu kwa ufupi

Mwanetu, usinunue kabati la kioo kwa askari walio kamili. Panga sebuleni ukitaka ngome, mizinga na wale wasio na vichwa, mbali na kibla. Walio kamili watie katika droo ya chuma iliyofungwa, kwa ajili ya bibi yako maadamu yu hai. Usiwayeyushe, na mdogo asiwaguse. Baada ya bibi, haja itakuwa imeondoka. Basi wape jamaa za mama yako wanaowataka, au wabadilishe umbo, au uwatoe katika nyumba kwa njia nyingine utakayoiona, wala usimwachie mwanao jambo ambalo wewe mwenyewe lilikutatiza.

Ami yako mshukuru kwa wivu wake juu ya dini, umsomee hadithi ya farasi mwenye mbawa. Mkeo mwambie ameshinda hoja ya kibla.

Tuliyopatia ni kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, na tuliyokosea ni kutoka kwetu na kwa shetani. Mwenye elimu zaidi kuliko yetu katika suala hili na atuzindue, nasi tutarejea kwenye haki kwa furaha. Wallahu a'alam.